Johannes Wawili wa Kijiji Kimoja: Nasaba za Wakulima Wakatoliki wa Kaunti ya Ellis, Kansas

Kisa ninachokichambua hapa ni cha vijiji sita vya wakulima Wakatoliki vilivyoanzishwa mwaka 1876 na 1877 katika nyika ya magharibi mwa Kansas, nchini Marekani: Liebenthal, Catharine, Herzog, Munjor, Pfeifer na Schoenchen. Vitano viko katika kaunti ya Ellis, na Liebenthal iko jirani tu upande wa kusini, katika kaunti ya Rush. Waanzilishi wake walikuwa Wajerumani kwa lugha, Wakatoliki kwa dini na raia wa Urusi kwa hati zao za kusafiria, na mchanganyiko huo ndio unaowasumbua wazao wao mpaka leo kila wanapoketi kuandika nasaba zao.

Swali lenyewe ni la aina ambayo mtafiti yeyote wa vijiji hivi hukutana nayo mapema. Tuseme kitabu cha ndoa cha parokia kinaonyesha kwamba Johannes fulani, mzaliwa wa Herzog ya kule kwenye mto Volga nchini Urusi, walikotoka waanzilishi hao, alifunga ndoa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na binti wa kijiji hicho hicho. Orodha za abiria na sensa, kwa upande wake, zinaonyesha akina Johannes wawili wa ukoo mmoja, waliopishana umri kwa mwaka mmoja au miwili, waliofika Kansas karibu wakati mmoja, na ambao baba zao nao wana majina yanayofanana. Yupi kati yao ndiye bwana harusi? Mwenye haraka humchagua yule ambaye umri wake unakaribiana zaidi na ule ulioandikwa kaburini, kisha anaendelea, na kuanzia hapo anaandika kwa bidii historia ya familia ya jirani akidhani ni ya kwake. Hoja yangu ni kwamba swali hili halijibiki kwa kufuata mstari wa ukoo mmoja kurudi nyuma. Hujibiwa kwa kukijenga upya kijiji kizima, na waliotuachia zana bora kuliko zote za kazi hiyo ni mapadre waliokuwa na wajibu wa kuuliza, kabla ya kila ndoa, kama wachumba wana undugu wa damu.

Ili kuelewa kwa nini majina yanajirudia kiasi hicho, ni lazima tuanzie Urusi. Tarehe 22 Julai 1763 Malkia Catherine wa Pili alitoa tangazo la kuwaalika wageni waje kulima nyika za himaya yake. Aliwaahidi ardhi, uhuru wa kuabudu, msamaha wa kodi kwa miaka kadhaa na, jambo lililowagusa sana watu waliotoka tu kwenye Vita vya Miaka Saba, kutolazimishwa kuingia jeshini. Katika miaka michache iliyofuata zaidi ya vijiji 100 vya Wajerumani vilianzishwa pande zote mbili za mto Volga, karibu na mji wa Saratov. Kwa sehemu kubwa vilipangwa kwa madhehebu: Waprotestanti walikaa kwao na Wakatoliki kwao. Herzog, Obermonjou, Schoenchen na Liebenthal zilikuwa ng'ambo ya mashariki, upande wa nyika tambarare, ilhali Pfeifer na Kamenka zilikuwa ng'ambo ya magharibi, upande wa vilima. Kijana Mkatoliki wa Herzog hakuwa na njia ya kawaida ya kumwoa Mrusi wa madhehebu ya Kiorthodoksi wala Mlutheri wa kijiji cha pili. Alioa Herzog, au alioa katika kijiji kingine cha Wakatoliki kilichofikika kwa gari la farasi. Vizazi vinne au vitano vya ndoa za namna hiyo vilizaa kijiji ambacho karibu kila mtu ni ndugu wa kila mtu kwa njia zaidi ya moja.

Jambo la pili ni ardhi. Katika vijiji vya Volga ardhi haikuwa ya mtu binafsi. Ilikuwa mali ya jumuiya, ikagawanywa upya kila baada ya muda kulingana na idadi ya wanaume katika kila nyumba. Kwa mtafiti wa nasaba maana yake ni nzito: hakuna hati ya kuuza shamba wala kesi ya mipaka ambayo ingemtaja baba, mwana na shemeji kwa pamoja. Zana ambayo watafiti wa sehemu nyingi za Ulaya huitegemea haipo kabisa, na kipindi cha Volga inabidi kijengwe kwa vitabu vya kanisa na orodha za serikali peke yake.

Mwaka 1871 serikali ya Urusi iliziondoa haki za pekee za walowezi hao, na sheria ya Januari 1874 ikaweka utumishi wa jeshi kwa wote. Katika mwaka huo wa 1874 vijiji vya Wakatoliki vilikutana Herzog na kuchagua watu watano waende Marekani kuitazama nchi. Walifika Nebraska, na waliporudi walibeba udongo kidogo, majani ya nyika na noti za fedha ili kuwaonyesha waliobaki. Naipenda sana habari hii ya udongo, kwa sababu inatueleza ni watu wa aina gani waliokuwa wakifanya uamuzi. Hawakuhama kwa kuambiwa tu kwamba kuna uhuru; mkulima alitaka kwanza kuushika udongo wenyewe mkononi.

Msafara mkubwa wa kwanza ulifika Topeka, Kansas, mwishoni mwa Novemba 1875. Wanaume walifanya vibarua mjini humo wakati wa baridi huku wakitafuta ardhi ya bei wanayoiweza, na kampuni ya reli ya Kansas Pacific, iliyokuwa na ardhi nyingi ya kuuza kandokando ya njia yake, ikawaelekeza magharibi zaidi, kwenye kaunti ya Ellis. Kuanzia Februari 1876 vijiji vikaanza kusimama kimoja baada ya kingine, na karibu kila kimoja kikapewa jina la kijiji cha Volga. Herzog ilijengwa pembeni kabisa ya Victoria, makazi ambayo Mskoti George Grant aliyaanzisha mwaka 1873 kwa ajili ya wafugaji kutoka Uingereza. Wafugaji hao walikuja wakaondoka. Wakulima wa Volga walibaki, na mwaka 1913 sehemu hizo mbili ziliunganishwa na kubeba jina la Victoria. Kwa hiyo mtu anayetafuta Herzog katika ramani ya leo ya Kansas hataiona.

Majina haya ya vijiji ni mtego wa kwanza. Cheti kinachosema fulani alizaliwa Herzog, au Pfeifer, au Schoenchen, hakijasema lolote mpaka tujue mwaka. Kabla ya 1876 ni Urusi. Baada ya hapo yaweza kuwa Urusi au Kansas. Schoenchen ya Kansas inaongeza fundo jingine, kwa kuwa ilizaliwa mwaka 1877 kutokana na watu waliotofautiana na wenzao wa Liebenthal, nao hawakuwa wametoka kijiji kimoja cha Volga. Katika suluhu yao kijiji kilipewa jina la Schoenchen, na kanisa likawekwa chini ya Mtakatifu Antoni wa Padua, aliyekuwa msimamizi wa kanisa la wale wengine waliotoka Neu-Obermonjou, kijiji kingine cha Volga. Asomaye jina la kijiji peke yake ataikosa nusu ya watu waliokiunda.

Vitabu vya parokia

Kabla ya kuwa na kanisa, vijiji hivi vilisimamisha msalaba mkubwa wa mbao katikati ya makazi, na watu wakakusanyika hapo Jumapili kusali rozari na kuimba hata kama hakuna padre. Mwanzoni padre alikuja kwa vipindi kutoka Salina, mbali upande wa mashariki, na mwaka 1878 Wakapuchini, watawa wa Mtakatifu Fransisko, walifika na kuchukua utume wa vijiji vyote. Kwa mtafiti miaka hiyo miwili ya mwanzo ni mahali pa kuwa mwangalifu. Mtoto aliyezaliwa Herzog mwaka 1876 si lazima ubatizo wake uwe umeandikwa katika kitabu cha Herzog. Utawala wa kanisa nao ulibadilika: Jimbo Katoliki la Leavenworth liliundwa 1877, eneo hili likawa chini ya Jimbo la Concordia kuanzia 1887, na mwaka 1944 makao ya jimbo hilo yakahamia Salina. Barua ya kuomba nakala ikipelekwa mahali pasipo, jibu litakuwa kwamba mtu huyo hayumo, na wengi wamekata tamaa hapo wakati kitabu kipo salama katika kabati nyingine.

Uzito wa vitabu hivi unaonekana vizuri zaidi ukiangalia serikali ilikuwa inaandika nini. Jimbo la Kansas lilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa utaratibu wa jimbo zima Julai 1911, na ndoa Mei 1913. Kwa miaka 35 ya mwanzo wa vijiji hivi kanisa ndilo lililokuwa msajili wa kweli. Mkapuchini aliandika kwa Kilatini: jina la mtoto, siku ya kuzaliwa na ya kubatizwa, jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo wa kwao, na majina ya wasimamizi. Ukoo wa mama ulioandikwa hapo ni hazina, kwa sababu sensa ya Marekani humtaja mke kwa jina la mumewe tu na kumfutia wazazi wake wote.

Wasimamizi wa ubatizo hawakuchaguliwa ovyo. Kwa kawaida walitoka miongoni mwa ndugu na mashemeji wa karibu, na ukiziorodhesha nyumba mbili za akina Johannes wetu, kila moja na watoto wake na wasimamizi wa kila mtoto, tofauti huanza kujitokeza. Nyumba moja hurudia majina ya upande fulani, nyingine ya upande mwingine. Huo si uthibitisho bado, lakini unakuonyesha pa kuchimba. Nashauri kazi hii ifanywe kwa kalamu na karatasi kubwa, kijiji kizima, kwa sababu programu nyingi za mti wa ukoo zinamhifadhi mtoto na wazazi wake na kumwacha nje msimamizi, ambaye katika kisa kama hiki ndiye shahidi mkuu.

Kisha kuna ukingo wa ukurasa. Amri ya Roma iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza kwamba ndoa ikishafungwa, habari zake zipelekwe kwenye parokia ya ubatizo na kuandikwa kando ya jina la mbatizwa. Msomaji Mkatoliki wa Afrika Mashariki ambaye amewahi kumwendea paroko kuomba cheti kipya cha ubatizo ili afunge ndoa ameguswa na utaratibu huo huo. Ni sheria ya Kanisa lote. Katika vijiji vya Ellis matokeo yake ni kwamba mtoto aliyebatizwa Munjor mwaka 1886, akaoa baada ya 1908 katika mji wa mbali, huenda ameachiwa ndoa yake yote, jina la mke, siku na mahali, katika mstari mwembamba wa wino pembeni mwa ubatizo wake. Ndiyo maana nakala iliyopigwa chapa na mtu mwingine haitoshi. Mara nyingi mnakili huandika yaliyomo ndani ya mistari na kuuacha ukingo.

Zana yenye nguvu kuliko zote, hata hivyo, imo katika kitabu cha ndoa. Tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215 hadi sheria za Kanisa zilipoandikwa upya mwaka 1917, Mkatoliki hakuruhusiwa kuoana na ndugu wa damu mpaka daraja la nne. Daraja zilihesabiwa kwa vizazi kutoka kwa wazazi wa asili moja: ndugu wa tumbo moja ni daraja la kwanza, watoto wa ndugu hao ni la pili, wajukuu wao ni la tatu, na vitukuu ni la nne. Aliyetaka kuoana ndani ya daraja hizo alihitaji ruhusa ya pekee, ambayo askofu aliitoa kwa mamlaka aliyokabidhiwa na Roma, na padre alitakiwa kuiandika pamoja na daraja lenyewe. Katika kijiji ambacho watu wake wameoana wao kwa wao kwa miaka 100, ruhusa hizi si jambo la nadra.

Sasa tumrudie bwana harusi. Ikiwa kitabu kinasema kwamba yeye na bibi harusi walipewa ruhusa katika daraja la tatu, padre ametuambia kwamba mmoja wa mababu au mabibi wa Johannes na mmoja wa mababu au mabibi wa bibi harusi walikuwa ndugu, watoto wa wazazi wamoja. Watu waliooana karibu 1880 walizaliwa karibu 1858, wazazi wao karibu 1830, mababu zao karibu 1800, na wale wazazi wa asili moja wanaotafutwa walizaliwa karibu 1770. Hao walikuwa watu wazima, wengi wao wakiwa na watoto wachanga, mwaka 1798. Na mwaka huo serikali ya Urusi iliwahesabu watu wote wa vijiji vya Wajerumani wa Volga, nyumba kwa nyumba, katika sensa ambayo, tofauti na zilizofuata, ilimwandika kila mke kwa ukoo wa baba yake na kijiji alikozaliwa. Maneno machache ya Kilatini ya Mkapuchini wa Kansas yanatuelekeza moja kwa moja kwenye karatasi ya Kirusi iliyoandikwa miaka 80 kabla yake.

Kinachobaki ni kuziba katikati. Hesabu za watu za Urusi za 1834, 1850 na 1857 ziliwaweka wana chini ya baba zao na kuonyesha umri wa kila mwanamume katika hesabu iliyotangulia na katika hiyo mpya, kwa hiyo mnyororo wa wanaume hufuatika vizuri. Wanawake waliandikwa kwa umri wa siku hiyo tu, na ukoo wa kwao haukutajwa. Mtafiti huwachukua akina Johannes wote wawili, anawapandisha kila mmoja kutoka 1857 kwenda 1834 na kutoka hapo hadi 1798, kisha anampandisha bibi harusi vivyo hivyo kwa pande zote nne za mababu na mabibi zake kadiri inavyowezekana. Johannes ambaye mstari wake unakutana na wa bibi harusi mahali pale pale padre alipopasema ndiye anayetafutwa, na yule ambaye hakutani naye, au anakutana naye daraja moja mbele au nyuma, anaachwa.

Nilisema pande zote nne kwa makusudi. Undugu unaotajwa mara nyingi hupitia kwa wanawake, na hapo ndipo watafiti wengi hushindwa, kwa kuwa wameukusanya ukoo wa jina lao tu. Bibi mzaa mama wa Johannes aweza kuwa dada wa babu mzaa baba wa bibi harusi, na katika mti uliofuata jina moja la ukoo hakuna mahali ambapo wawili hao wataonekana pamoja. Nyumba za jirani zinapaswa kuandikwa zote, zikiwemo zile ambazo mtafiti anaamini hazimhusu. Kadhalika, kimya cha kitabu si ushahidi kwamba hakukuwa na undugu. Wapo mapadre walioandika kwa ukamilifu na wapo walioandika kwa haraka, na ndoa zilizofungwa Volga kabla ya safari zinahitaji vitabu vya kule, chini ya Jimbo Katoliki la Tiraspol ambalo askofu wake aliishi Saratov. Ziko pia ndoa zenye undugu wa mara mbili, ambamo wachumba wanakutana kwa mababu wa aina mbili tofauti. Hapo padre mwangalifu alitaja daraja zote mbili.

Zana hii ina muda wake. Sheria mpya za Kanisa zilizoanza kutumika Mei 1918 zilipunguza kizuizi hadi daraja la tatu, na kuanzia hapo undugu wa vitukuu hauandikwi tena kwa sababu hauhitaji ruhusa. Kwa ndoa za miaka ya 1920 na kuendelea kitabu kinazungumza kidogo zaidi, lakini kufikia wakati huo serikali ilikuwa tayari inaandikisha.

Karatasi za serikali na mitego yake

Sensa ya Marekani ya 1880 iliwakuta wakulima hawa wakiwa wapya kabisa, na ikaandika kwa wengi wao neno moja tu kwa mahali pa kuzaliwa: Urusi. Ile ya 1890 iliharibiwa na moto wa Washington mwaka 1921. Iliyo nzuri zaidi ni ya 1900, kwa sababu iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuhamia, na kwa kila mama idadi ya watoto aliowazaa na walio hai. Pengo la 1890 linazibwa kwa sehemu na sensa za jimbo la Kansas lenyewe, zilizofanywa 1885, 1895 na kila baada ya miaka 10 hadi 1925.

Mtego wa sensa ni maisha ya kijiji. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mkulima ekari 160 za ardhi ya serikali kwa masharti ya kuishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano, na ndani ya eneo la reli kiasi hicho kilikuwa ekari 80 kwa wengi mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 1879. Sheria ilimfikiria mkulima anayeishi peke yake katikati ya shamba lake. Watu wa Volga hawakuzoea hivyo. Walijenga nyumba kijijini kuzunguka kanisa, wakaenda shambani Jumatatu na kulala huko, wakarudi Jumamosi ili wawepo kwenye misa ya Jumapili. Kwa hiyo familia moja yaweza kuhesabiwa kijijini, ilhali mtoto wake mkubwa akahesabiwa shambani kama mwenye nyumba yake, na mtafiti akadhani ameona watu wa familia mbili. Faida ya sheria hiyo ni jalada la madai ya ardhi. Mkulima alitakiwa kuthibitisha uraia wake au nia yake ya kuupata, na kuleta mashahidi wanaomfahamu, ambao kwa kawaida walikuwa majirani zake. Kile ambacho ardhi ya jumuiya ya Volga haikuwahi kukiacha, Kansas ilianza kukiacha kwa wingi.

Majina yenyewe yalipita katika miandiko minne. Kijerumani cha mkono wa zamani, Kirusi, Kilatini cha padre na Kiingereza cha karani wa sensa kila kimoja kilimwandika mtu huyo huyo kwa namna yake. Kirusi hakina herufi ya sauti ya H ya Kijerumani, hivyo kiliandika G, na Herzog katika karatasi za Saratov ni Gertsog. Wavulana wengi walibatizwa kwa majina mawili, la kwanza likiwa Johann na la pili likiwa ndilo waliloitwa nyumbani, kwa hiyo Johann Peter ni Peter kwa kila mtu isipokuwa kwa mwandishi aliyenakili jina la kwanza peke yake. Tarehe nazo zinahitaji uangalifu, kwa sababu Urusi ilifuata kalenda ya Juliani iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19. Mtu aliyezaliwa Volga anaweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa katika kitabu cha kule na nyingine, siku 12 mbele, kwenye kaburi lake Kansas, na zote mbili ni sahihi. Kabla ya kuamua kwamba karatasi mbili zinamhusu kila mmoja mtu tofauti, ni vema kwanza kuhesabu siku hizo 12.

Makaburini utayakuta mengi yaliyoandikwa Kijerumani, baadhi juu ya misalaba ya chuma iliyofuliwa na wahunzi wa vijiji hivi. Ufundi wake ni wa hali ya juu sana na unastahili kutazamwa kwa ajili yake wenyewe. Kama ushahidi wa nasaba, hata hivyo, kaburi huja nyuma ya kitabu, maana aliyeandika umri wa marehemu hakuwepo alipozaliwa.

Orodha nyingine ambazo watu huzipuuza ni zile za michango ya ujenzi. Kanisa la Mtakatifu Fidelis la Victoria lilijengwa kati ya 1908 na 1911 kwa mawe ya chokaa ya eneo hilo, na kila muumini aliyefikisha miaka 12 alitakiwa kutoa dola 45 kwa mwaka na mizigo sita ya mawe kwa gari la farasi. Familia zenye watoto wengi zilijikuta zikibeba mara nyingi zaidi ya kiwango hicho. Jengo lina urefu wa futi 220 na minara miwili, na mwaka 2014 lilipewa hadhi ya basilika ndogo. Kule Pfeifer, kanisa la Msalaba Mtakatifu lililokamilika 1918 lilichangiwa kwa senti mbili kutoka kila busheli ya ngano iliyouzwa. Wakulima waliohesabiwa michango kwa kichwa au kwa busheli waliacha majina yao mahali ambapo mtafiti wa koo huwa hafikirii kutazama.

Kuhusu vipimo vya vinasaba nitasema kwa ufupi. Katika jamii iliyooana ndani kwa ndani, watu wawili hurithi vipande vinavyofanana kutoka kwa mababu wengi tofauti, na jumla yake hukuzwa. Kampuni ya vipimo inaweza kumtaja mtu kuwa ni ndugu wa karibu wakati ni ndugu wa mbali kwa njia tano. Vipimo hivyo vinaweza kuunga mkono mti uliokwisha kujengwa kwa karatasi, lakini haviwezi kuamua kati ya akina Johannes wawili walioshiriki mababu wengi.

Kutoka 1798 kurudi nyuma safari ni fupi. Orodha za walowezi wa kwanza za 1767 na zile za wahamiaji waliopokelewa Oranienbaum, bandari ya Urusi karibu na St. Petersburg, mwaka 1766 hutaja dini na mahali mtu alipotoka, na Wakatoliki wengi wanaonekana wametoka maeneo kama Mainz, Würzburg, Bamberg na Fulda. Mahali pengine jina la mji limeharibika katika mwandiko wa Kirusi kiasi kwamba ni lazima lilinganishwe na vitabu vya parokia za Ujerumani kimoja kimoja. Nyaraka nyingi za vijiji zimo katika hifadhi za nyaraka za miji ya Saratov na Engels, na watafiti wa nje walianza kuzifikia kwa wepesi baada ya 1991.

Upande mmoja wa kazi hii hutendewa haba. Waliohamia Kansas walikuwa sehemu ya familia zao, wengine walibaki. Tarehe 28 Agosti 1941 serikali ya Kisovyeti ilitoa amri ya kuwahamisha kwa nguvu Wajerumani wote wa Volga kwenda Siberia na Kazakhstan, na vijiji vyao vikabaki bila wenyewe. Ndugu wa damu wa mkulima wa Victoria wanaishi leo Kazakhstan, Urusi na, kwa wingi tangu miaka ya 1990, Ujerumani. Wengi wao wana kumbukumbu za mababu hadi karne ya 19 zilizohifadhiwa kwa mdomo, bila karatasi hata moja, ilhali Kansas kuna karatasi nyingi na kumbukumbu chache za waliobaki. Mti wa familia ya Ellis unaomkatia kaka aliyebaki mwaka 1876 kana kwamba hakuzaa ni mti wenye kasoro ya kitaalamu, mbali na kwamba unamnyima mtu ndugu zake. Chama cha historia cha Wajerumani kutoka Urusi, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1968 na chenye makao yake Lincoln, Nebraska, kina waratibu waliopangwa kwa vijiji vya asili, na mwenye swali kuhusu Herzog humwandikia mratibu wa Herzog bila kujali jina la ukoo wake. Kwa mtafiti mpya, barua hiyo ndiyo ya kuandika kwanza, ikiwa imeambatana na nakala ya ukurasa mzima wa kitabu cha ndoa pamoja na ukingo wake.